Mvinyo Mwekundu na Mishipa ya Damu: Sifa Ni za Zabibu

Yako maneno, ndugu wasomaji, ambayo yakishatamkwa na mtu aliyevaa koti jeupe hayarudi nyuma tena, hata wenzake wakija kuyakanusha kwa ushahidi. Mojawapo ni hili lisemalo kwamba glasi moja ya mvinyo mwekundu kila jioni huilainisha mishipa ya damu na kuulinda moyo. Limeandikwa magazetini kwa zaidi ya miaka thelathini, limetangazwa redioni, na siku hizi huingia lenyewe katika simu za vijana wetu bila ya kubisha hodi.

Wakubwa wa dunia nao hawajapatana. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya ya binadamu. Desemba 2024 jopo la Akademia za Sayansi za Marekani likatoa ripoti yake, likasema kuwa wanaokunywa kwa kiasi wameonekana kufa kwa uchache zaidi kuliko wasiokunywa kabisa, ijapokuwa wanawake miongoni mwao hupatwa zaidi na saratani ya matiti. Mwezi haukupita sana, Januari 2025, Vivek Murthy aliyekuwa daktari mkuu wa serikali hiyo hiyo ya Marekani akataka chupa za pombe zibandikwe onyo la saratani. Kisha Januari 2026 mwongozo mpya wa chakula wa nchi hiyo ukakiondoa kile kipimo cha zamani cha glasi mbili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke, ukasema tu kwamba atakaye afya bora na apunguze kunywa. Mtu wa kawaida afuate lipi?

Pengine msomaji wa Lamu au wa Majengo ataniuliza, hayo yatuhusu nini sisi tusiokunywa? Yatuhusu. Jamaa yangu mmoja, mpishi wa siku nyingi katika hoteli ya watalii, ana ugonjwa wa presha na kila siku humeza vidonge vyake. Mgeni mmoja wa Kizungu, mzee mwenye ukarimu wake, alipopata habari ya ugonjwa huo alimweleza kwamba yeye hamezi kidonge. Dawa yake ni glasi ya mvinyo mwekundu wakati wa chakula cha usiku. Jamaa yangu hakunywa, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Tulipokutana kahawani akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: “Ndugu yangu, wewe ndiwe msomaji wa magazeti. Niambie kweli, isiwe dini imetunyima dawa?”

Swali hilo si la kuchekwa wala la kukemewa. Mwenye kuuliza hivyo ameyabeba mambo mawili kwa pamoja, uhai wake na imani yake. Wako ambao wangemwambia anyamaze na aombe toba. Mimi naona anastahili kujibiwa kwa ukweli wote, pamoja na ule usiotupendeza.

Na tuanze huko yalikoanzia, yaani Ulaya. Mwaka 1979 watafiti watatu wa Uingereza, St Leger, Cochrane na Moore, walizilinganisha nchi 18 zilizoendelea wakaona kwamba nchi zinywazo mvinyo kwa wingi zina vifo vichache vya ugonjwa wa moyo. Ufaransa ndiyo iliyowashangaza watu zaidi. Mfaransa hula siagi, jibini na nyama ya mafuta, lakini hesabu za serikali yake zilionyesha kwamba haanguki kwa moyo kama Mwingereza au Mmarekani. Jambo hilo likaitwa kitendawili cha Wafaransa. Novemba 1991 kipindi kimoja mashuhuri cha televisheni ya Marekani kilimleta mtafiti Serge Renaud, mwenyeji wa nchi ya mizabibu ya Bordeaux, na mtangazaji Morley Safer akainua glasi mbele ya mamilioni ya watazamaji akisema kuwa huenda jibu la kitendawili limo humo. Mwaka uliofuata Renaud na mwenzake de Lorgeril wakachapisha makala yao katika jarida la Lancet la London. Huko Marekani mauzo ya mvinyo mwekundu yalipanda zaidi ya asilimia 40. Jibu lilikuwa tamu, na jibu tamu huwa halina wakaguzi wengi.

Wakaguzi walikuja baadaye. Mwaka 1999 Malcolm Law na Nicholas Wald wa London walionyesha kwamba madaktari wa Ufaransa walikuwa wakiandika vifo vingi vya moyo kwa majina mengine, hata hesabu ikapungua kwa kiasi cha moja ya tano. Tena Wafaransa walianza kula mafuta mengi ya wanyama miaka ya karibuni tu, ilhali ugonjwa wa mishipa ni kama kutu, hula chuma polepole kwa miaka ishirini au thelathini kabla ya kuonekana. Yaani sehemu kubwa ya kitendawili ilikuwa ni makosa ya karani na haraka ya mhesabuji. Na kuna hesabu nyingine ya Ufaransa ambayo wenye kuusifu mvinyo hawaitaji: idara ya afya ya nchi hiyo ilikadiria kwamba mwaka 2015 pekee watu 41,000 walikufa huko kwa sababu ya pombe.

Walakini haitoshi kusema kwamba habari yote ilikuwa ni uwongo, maana haikuwa. Ndani ya zabibu mna kitu, na ili tukijue kitu hicho hapana budi kwanza tujue mshipa wa damu ni nini.

Wengi wetu tunaufikiria mshipa kuwa ni kama mpira wa kumwagilia maji: damu inapita, ukiziba umeziba. La. Mshipa una uhai wake. Kuta zake zina misuli inayobana na kulegea, na upande wa ndani kabisa umetandikwa utando mwembamba sana, seli moja tu kwa unene. Zamani wataalamu waliudhani utando huo kuwa ni kama karatasi ya kufungia, hauna kazi nyingine. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa New York alichukua vipande vya mshipa mkuu wa sungura akavitia dawa inayojulikana kwa kulegeza mishipa. Vipande ambavyo utando wake ulikuwa mzima vililegea. Vile ambavyo utando wake ulikuwa umekwanguliwa kwa bahati mbaya wakati wa kutayarishwa havikulegea, bali vilibana. Akafahamu kwamba utando ndio unaotoa amri. Baadaye ikajulikana kuwa mjumbe anayeibeba amri hiyo ni gesi, nitriki oksaidi, ambayo hudumu kwa sekunde chache tu kisha ikatoweka. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ajili ya kazi hiyo.

Utando ukiwa na afya, gesi hii hutoka kwa wepesi, mshipa hulegea, damu hupita bila kusukumwa kwa nguvu, na chembe za kugandisha damu hazishikamani ovyo. Utando ukichoshwa na sigara, sukari iliyozidi, chumvi na shinikizo la miaka mingi, gesi hupungua, mshipa hukakamaa, mafuta hupenya ukutani, na siku moja donge la damu huziba njia. Likiziba kwenye moyo ni shambulio la moyo. Likiziba kwenye ubongo ni kiharusi, kile ambacho mabibi zetu walikisingizia upepo mbaya.

Sasa zabibu zinaingia wapi? Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichukua vipande vya mshipa mkuu wa panya wakavitia mvinyo, kisha maji ya zabibu, kisha maji yaliyotolewa katika maganda ya zabibu. Mishipa ililegea, na ilipokwanguliwa utando wake haikulegea. Tazama vizuri, msomaji: maji ya zabibu yasiyokuwa na tone la ulevi yalifanya kazi ile ile. Ndani ya ganda na kokwa za zabibu nyeusi mna jamii ya madawa ya asili yaitwayo polifenoli, ndiyo yanayoipa rangi yake ya zambarau na ule ukali unaokausha ulimi. Mvinyo mwekundu huwa nayo kwa sababu hutengenezwa kwa kuvundikwa zabibu pamoja na maganda yake. Mvinyo mweupe hutengwa na maganda mapema, kwa hiyo huwa nayo machache.

Mwaka 1999 John Stein na wenzake, nao wa Marekani, waliwapa wagonjwa 15 wa mishipa ya moyo maji ya zabibu nyeusi kwa muda wa wiki mbili, na mishipa ya mikono yao ikaonekana kutanuka vizuri zaidi kuliko awali. Ni wagonjwa kumi na watano tu, sikatai. Nyumba haijengwi juu ya nguzo moja.

Lakini jaribio lililonivutia mimi kuliko yote lilifanywa Barcelona, Hispania, likachapishwa mwaka 2012. Walichukuliwa wanaume 67 waliokuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Kila mmoja alipitia zamu tatu za wiki nne nne. Zamu moja alikunywa mvinyo mwekundu. Zamu nyingine alikunywa mvinyo ule ule uliotolewa ulevi wake wote, ukabaki na polifenoli zake zile zile. Zamu ya tatu alikunywa jini, yenye ulevi kiasi sawa na wa mvinyo lakini isiyo na chochote cha zabibu. Huu ndio upimaji wa haki, kwa sababu mtu analinganishwa na nafsi yake mwenyewe, na kitu kimetenganishwa na kitu.

Matokeo yakawa hivi. Waliokunywa ule usiokuwa na ulevi, presha yao ya juu ilishuka kwa nukta kama sita na ile gesi ya mishipa ikaongezeka katika damu yao. Waliokunywa jini hawakupata nafuu yoyote. Waliokunywa mvinyo kamili, presha yao ilishuka kidogo mno, kiasi ambacho kwa hesabu za wataalamu hakihesabiki kitu. Maana yake ni nini? Kilichofaa ni zabibu, na ulevi uliokuja nayo ukainyang'anya zabibu faida yake. Ni kama mtu aliyekuletea kikapu cha maembe akaondoka na mkoba wako.

Wala si ajabu. Ni kweli kwamba mtu akinywa pombe uso hupata joto na mishipa ya ngozi hutanuka kwa muda, na hapo ndipo wanywaji walipopata dhana yao. Lakini ulevi huziamsha zile neva zinazoibana mishipa, na baada ya saa kadhaa presha hupanda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023, uliokusanya tafiti saba za watu 19,548, ulionyesha kwamba hata anayekunywa kiasi cha glasi moja tu kwa siku presha yake huzidi kupanda mwaka hadi mwaka kuliko ya asiyekunywa. Kupanda kwenyewe kwa glasi moja ni kudogo, lakini hakukupatikana kiasi ambacho chini yake hapana athari.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Chuoni tulifundishwa kwamba neno la Kiarabu khamri linatokana na kufunika, yaani kitu kinachofunika akili. Asili hiyo hiyo ndiyo iliyotupa neno hamira, ile ya kuumulia unga, na mahamri tunayokula asubuhi kwa mbaazi ni ndugu wa neno hilo. Zabibu nalo ni neno la Kiarabu, na mvinyo tumelipata kwa Wareno. Basi lugha yetu ilikwisha kutenganisha zamani baina ya tunda na kinachofanyiwa tunda. Turudi.

Biashara haikupenda kuuza zabibu, kwa sababu zabibu kila mtu anazo. Ilitafuta kitu kimoja cha kutiwa ndani ya kidonge, na kitu hicho kikaitwa resveratroli. Kilikuwa kimekwisha kugunduliwa na Mjapani Michio Takaoka mnamo mwaka 1939, tena ndani ya mmea mwingine usiohusiana na mizabibu. Kilipoonekana ndani ya mvinyo mwaka 1992, wengi walidhani ndiyo siri ya Wafaransa. Mwaka 2006 panya wanene waliolishwa kitu hiki waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao, na magazeti ya dunia yakapiga vigelegele. Yaliyosahau kuandika ni kwamba lita nzima ya mvinyo mwekundu huwa na miligramu chache tu, na kwa hesabu ya uzito mtu angehitaji kunywa mamia ya lita kwa siku ili amfikie panya yule.

Kampuni ya madawa ya GlaxoSmithKline ilitoa dola milioni 720 mwaka 2008 kuinunua kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza dawa za namna hiyo. Mwaka 2010 jaribio moja kwa wagonjwa wa saratani likasimamishwa baada ya baadhi yao kuharibikiwa na figo, na mwaka 2013 ile kampuni ndogo ikafungwa. Katikati ya mambo hayo, mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kwamba mtafiti wake Dipak Das, mmoja wa wasifiaji wakubwa wa resveratroli, alipatikana na makosa 145 ya kubuni na kugeuza matokeo ya uchunguzi. Na mwaka 2014 zikaja habari kutoka Chianti, nchi ya mvinyo huko Italia. Wazee 783 walikuwa wamepimwa mkojo kujua kiasi cha resveratroli wanachokipata kwa chakula na kinywaji, wakafuatwa kwa miaka tisa. Waliokuwa nayo nyingi na waliokuwa nayo kidogo waliugua moyo sawa na wakafa sawa.

Sasa lile la jopo la Desemba 2024, la kwamba wanywaji wa kiasi hufa kwa uchache. Hili lisipuuzwe, maana limesemwa na watu wenye elimu yao. Lakini yafaa tuulize: wasiokunywa waliolinganishwa nao ni akina nani? Huko Ulaya na Marekani kutokunywa si desturi ya mji kama hapa kwetu. Aghalabu asiyekunywa ni mtu aliyekuwa akinywa, akaugua, daktari akamkataza. Mwaka 1988 Gerald Shaper wa Uingereza, aliyewafuata wanaume zaidi ya 7,700, alionya kwamba ukimlinganisha mnywaji mzima na mgonjwa aliyeacha, mnywaji ataonekana amelindwa na glasi yake. Zaidi ya hayo, mwenye kunywa glasi moja ya mvinyo na chakula huwa ana fedha, ana daktari wake, anakula mboga na anatembea jioni. Jopo lenyewe lilijitahidi kuwatoa walioacha wasichanganywe na wasiokunywa tangu mwanzo, lakini utajiri na mwendo wa maisha si wepesi wa kuchujwa.

Ndiyo maana naupa uzito zaidi uchunguzi wa China uliochapishwa mwaka 2019. Huko Mashariki ya Asia wapo watu wengi waliozaliwa na mwili usiostahimili pombe. Wakinywa kidogo tu uso huwa mwekundu na moyo huwaenda mbio, kwa hiyo hunywa kidogo au hawanywi. Hawakuchagua kwa sababu ya ugonjwa wala utajiri, wamezaliwa hivyo. Watu zaidi ya 160,000 walipimwa maumbile hayo. Ilidhihirika kwamba kadiri maumbile yalivyowafanya wanaume wanywe zaidi, ndivyo presha ilivyopanda na kiharusi kilivyozidi. Ule ulinzi wa glasi moja au mbili dhidi ya kiharusi ukayeyuka kabisa, na kwa upande wa shambulio la moyo faida haikuonekana wazi. Ni kweli kwamba Wachina wale walikuwa wakinywa zaidi pombe kali kuliko mvinyo, na mtetezi wa mvinyo anayo haki ya kulisema hilo.

Angeweza kunyamazishwa kwa jaribio moja kubwa la haki. Lilikuwa lifanywe. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipanga kuwachukua watu 7,800, nusu wanywe glasi moja kila siku na nusu wasinywe, kwa gharama ya karibu dola milioni 100. Ikaja kugunduliwa kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa na makampuni makubwa ya pombe, na kwamba maofisa wa taasisi ndio walioziomba fedha hizo kinyume na kanuni. Tena mpango wenyewe ulikuwa wa kuweza kuonyesha faida za moyo, lakini mfupi mno kuweza kuonyesha saratani. Juni 2018 jaribio lilivunjwa likiwa changa. Mwenye duka alitaka awe pia mwenye mizani.

Basi huyu jamaa yangu mpishi nimjibu nini? Kwanza nimwambie kwamba aya ya 219 ya Suratul Baqara, ambayo kila aliyepita chuoni anaijua, haikudai kuwa ulevi hauna faida hata chembe. Imekiri kwamba faida zipo kwa watu, ikapima, ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko faida. Mwislamu hana sababu ya kutahayari mtafiti akiiona faida mahali fulani.

Pili, na hapa najua baadhi ya masheikh wangu hawataniridhia, tusikimbilie kupiga ngoma kwamba sayansi imesilimu. Miaka ya 1990, maabara zilipokuwa zikiusifu mvinyo, waliomo miongoni mwetu walikaa kimya kwa haya. Leo maabara zimegeuka, na wale wale wanazinukuu juu ya mimbari. Je, kesho likija jaribio lisemalo kinyume, watasema nini? Katazo halikungojea ruhusa ya Toulouse wala Barcelona, na ukilifunga kwenye kiatu cha mtafiti litakwenda kila aendako. Elimu ya mishipa tuichukue kwa kazi yake, nayo ni kutuonyesha njia ya kuitunza mishipa.

Na kwa kazi hiyo inatushitaki sisi wenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Mtu anaweza kuishi umri wake wote bila kuonja ulevi na akapooza upande mmoja akiwa na miaka hamsini. Angalia siniani: papa mkavu na ng'onda wanaochoma ulimi kwa chumvi, achari, chapati za samli, chai ya sukari vijiko vitatu, na baada ya hapo tunakaa barazani mpaka Isha. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi yote ya siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki. Katika nyumba nyingi zetu kipande kimoja cha papa asiyerowekwa vizuri kinatosha kukimaliza kipimo hicho asubuhi.

Atakaye zile polifenoli asiogope kuzikosa. Zimo katika zabibu nyeusi zenyewe zikiliwa na ganda lake, katika zambarau zinazotia wino midomo ya watoto msimu ukifika, na katika chai isiyozidishiwa sukari. Ua la rozela, ambalo Wasudani wanalinywa kwa jina la karkade, lilijaribiwa Marekani na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: watu 65 wenye presha ya kadiri, wengine wakapewa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, na presha yao ya juu ikashuka kwa nukta saba, ilhali wenzao waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka kwa nukta moja na ushei. Maji ya zabibu ya pakiti ni jambo jingine. Sukari yake ni nyingi, na mwenye kisukari asiyaguse bila kuuliza. Na hapana hata kimoja katika hivi kinachochukua nafasi ya vidonge vya daktari. Jamaa yangu nimemwambia hivyo waziwazi, avimeze kila siku hata siku asiposikia maumivu, kwani presha haiumi.

Liko jambo moja ambalo ningependa kamati za misikiti yetu zilifikirie, kutoka Mambrui hadi Vanga. Ijumaa watu hukusanyika kwa mamia, wengi wao wanaume wa miaka arubaini na zaidi ambao hawaendi hospitali mpaka wabebwe. Mashine ya kupimia presha hutosha kwenye mfuko wa kanzu, na kumpima mtu mmoja huchukua muda mfupi kuliko kumaliza finjani ya kahawa. Akiwapo muuguzi mmoja kibarazani baada ya sala, na daftari la kuandikia, tutaanza kuzijua hesabu zetu wenyewe badala ya kubishana juu ya za Wafaransa.